Jinsi ya kula barbekyu kwenye miji midogo ya Kusini mwa Marekani ukiwa safarini na gari

Ngoja nianze na kosa langu ili we usilirudie. Nilitoka Alabama asubuhi naelekea mgahawa mmoja wa barbekyu Georgia, hesabu nimepiga vizuri kabisa, nafika saa saba na nusu mchana, pale wanafunga saa tisa, muda upo mpaka wa kupiga picha. Nilichosahau ni kwamba ukivuka kutoka Alabama kuingia Georgia saa inaruka mbele lisaa lizima, kwa hiyo nilivyoegesha gari kwao ilikuwa saa nane na nusu na mlangoni kuna karatasi imebandikwa kwa selotepu, maneno mawili tu, SOLD OUT, na mama mmoja yuko ndani anafagia. Akaniangalia kupitia kioo, akanipungia mkono kwa huruma, akaendelea kufagia. Nikala biskuti kwenye kituo cha mafuta nimeegemea gari, huku nanusa moshi wa nyama ambayo wenzangu washaimaliza.

Kwa hiyo kabla ya menyu, kabla ya sosi, kitu cha kuelewa ni saa. Hawa watu hawapiki ukishaagiza. Nyama utakayokula saa sita mchana imewekwa jikoni jana jioni, na mtu amekesha nayo. Kidari cha ng'ombe kinakaa kwenye moshi saa 12 mpaka 18 hivi, nguruwe mzima saa 8 mpaka 12, kwenye joto dogo tu la kama sentigredi 107 mpaka 120, sio ule moto wa kuchoma na kugeuza tuliouzoea. Sababu yenyewe ni kwamba hizo ni nyama ngumu, kidari, bega, zimejaa ile mishipa myeupe ya kamba kamba ambayo ukiichoma haraka unatafuna mpaka taya zinauma, ila ukiipa joto la taratibu usiku kucha inayeyuka inakuwa kama uteute na nyama inaachia yenyewe. Hakuna njia ya mkato hapo. Walichoweka jana ndo kilichopo leo, kikiisha kimeisha, na huwezi kumwambia mtu nisubirie dakika ishirini unitengenezee kingine.

Sasa kutokana na hilo mengine yote yanajipanga yenyewe.

Kufika

Lenga kufika wakifungua, sehemu nyingi ni saa 5 asubuhi, 11 kwa saa yao (ukiongea nao usije ukasema saa tano, nishamchanganya dada wa watu kwenye simu). Mchana wa saa sita na nusu foleni inakuwa ndefu, na kuanzia saa nane vitu vinaanza kuisha, kwanza mbavu, halafu kile kipande chenye mafuta, unabaki na kuku. Jumapili nyingi zimefungwa kwa sababu ya kanisa, Jumatatu pia nyingi zimefungwa kwa sababu jikoni nao wanapumzika, na South Carolina kuna nyingi tu zinafungua Alhamisi mpaka Jumamosi basi. Kwa hiyo ukipanga safari panga siku ya nyama kwanza halafu hoteli zifuate, najua inaonekana kama ujinga ila ndo hivyo.

Mfano uliopitiliza ni Snow's, iko mji unaoitwa Lexington kule Texas, wanafungua Jumamosi tu, saa 2 asubuhi, na watu wanapanga foleni toka usiku na viti vyao vya kukunja. Jikoni kuna bibi anaitwa Tootsie Tomanetz, kazaliwa 1935, amekuwa akikoroga mkaa na koleo umri ambao wenzake wanalea vitukuu. Jarida la Texas Monthly liliwapa namba moja Texas nzima mwaka 2008 na tena 2017, na toka hapo utulivu wa kale kamji Jumamosi uliishia hapo. Nyingine ni Jones Bar-B-Q Diner pale Marianna, Arkansas, hiyo inafungua asubuhi mapema na mara nyingi mchana haufiki nyama imeshaisha, kwa hiyo inakuwa ndo chai yako ya asubuhi, nguruwe kwenye mkate mweupe.

Piga simu asubuhi ya siku hiyo hiyo. Usiamini saa zilizoandikwa kwenye ramani ya simu, kwa sababu zile zinakwambia lini wanafunga mlango, hazikwambii lini nyama inaisha. Uliza maswali mawili tu, mna nyama bado, na kawaida huwa inaisha saa ngapi. Ukiwa na watu watano sita waombe wakuwekee, wengi wanakubali ukitoa jina na ukafika kwa wakati. Na angalia hayo majira, Tennessee yenyewe ina majira mawili tofauti ya saa ndani ya jimbo moja, Kentucky hivyo hivyo.

Njiani toka kwenye barabara kuu. Zile interstate zina migahawa ile ile kila kutokea, na nyama nzuri iko maili kumi, ishirini ndani. Marianna kwa mfano ni kushuka tu kutoka I-40 pale Forrest City, sio mbali. Ila ukiingia barabara ndogo angalia vibao vya mwendo, unatembea maili 55 kwa saa kwa raha zako, mara 35, mara 25, vyote ndani ya muda wa kunywa funda la maji, na askari wa mji kajificha nyuma ya kanisa anakusubiri wewe mwenye namba za jimbo lingine.

Utajuaje kama ni penyewe

Angalia kuni. Nyuma au pembeni ya jengo lazima kuwe na rundo la kuni, na liwe rundo linalotumika, limemegwa upande mmoja, magome yametapakaa chini, kitoroli kimeegeshwa. Ukiona kuni zimepangwa vizuri mbele ya mlango na zina utando wa buibui, hilo ni pambo, ndani kuna jiko la gesi. Siwasemi vibaya wanaotumia gesi, wengine wanapika vizuri tu, na kuni ni ghali, ila hukuendesha saa mbili kwa ajili hiyo.

Carolina wanatumia sana mwaloni na hikori, Texas ya kati ni ule mwaloni wao wanaouita post oak, na sehemu nyingine pikani. Sehemu za nguruwe mzima utaona pipa la chuma au bomba la moshi ambapo kuni zinaunguzwa kwanza mpaka ziwe makaa, halafu makaa ndo yanachotwa na koleo na kusambazwa chini ya nguruwe, na pale mafuta yanapodondokea juu ya makaa ule moshi unaopanda ndo ladha yenyewe. Wao hilo jiko wanaliita pit, yaani shimo, kwa sababu zamani walikuwa wanachimba chini kweli kweli, siku hizi ni matofali yamejengwa kufika kiunoni.

Alama nyingine ni magari. Saa sita mchana pakiwa na pikapu za mafundi, gari la sherifu na wazee wawili wamevaa suruali za ovaroli, ingia. Jengo lisikutishe, mengine yanaonekana kama banda la kuku limeongezwa chumba.

Kila jimbo na mambo yake

Hapa ndo watu wanapokosea zaidi, wanaingia North Carolina wanaulizia kidari cha ng'ombe. Kule neno barbecue lenyewe maana yake ni nguruwe aliyekatwakatwa, basi. Mtu akikualika akachome hamburger nyumbani hiyo hawaiiti barbecue, ni cookout.

North Carolina upande wa pwani ni nguruwe mzima, na sosi ni siki na pilipili, nyepesi kama maji, nyanya hamna. Skylight Inn pale Ayden, karibu na Greenville, ilifunguliwa na Pete Jones mwaka 1947, na huwezi kuipotea kwa sababu juu ya paa wameweka kuba kama la bunge kule Washington, sitanii. Mle ndani kuna kitu nataka ukione kwa macho yako. Jamaa anasimama mbele kabisa, mbele ya foleni, kila mkono kashika kisu kipana cha buchani, na chini yake kuna ubao mnene uliolika katikati kwa kukatiwa miaka. Anaweka bega, paja, tumbo, vyote pamoja, tak tak tak tak, visu vinapishana, halafu anarushia vipande vya ngozi iliyokaushwa na moto mpaka inavunjika kama kaukau, anavikatakata humo humo, anamwagia siki, chumvi, pilipili, anageuza lote kwa ubapa wa kisu, tak tak tena. Ile sauti ndo muziki wa mle ndani. Ukila unakutana na kalaini, mara kitu kinalia kwenye meno, mara ukali wa siki, na pembeni kipande cha mkate wa mahindi bapa, mzito, uliopikwa na mafuta ya nguruwe, sio ule mkate wa mahindi mtamu kama keki.

Ukiendesha saa tatu hivi kuelekea magharibi unafika Lexington ya North Carolina (ndio, Lexington ziko nyingi, hakikisha jimbo kwenye ramani, usije ukalaumu watu). Pale ni bega tu la nguruwe, na sosi wanaiita dip, ni siki ile ile ila imetiwa ketchup kidogo, na kabichi yao ni nyekundu kwa sababu wanaichanganya na hiyo dip badala ya mayonezi. Watu wa pwani na watu wa Lexington kubishana kwao ni Simba na Yanga, haliishi leo wala kesho, na we mgeni usiegemee upande. Ukiagiza pale omba tray, sio plate, tray ni kitrei kidogo cha karatasi, nyama na kabichi na vile vidonge vya unga wa mahindi vya kukaanga wanaviita hushpuppies, inatosha. Na sema unataka "outside brown", hiyo ni ile sehemu ya nje iliyokauka na kukolea moshi, wenyeji ndo wanavyoagiza, na anayekata atanyanyua kichwa akuangalie mara ya pili.

South Carolina ya katikati, maeneo ya Columbia, sosi ni ya njano, haradali. Kuna kitu kinaitwa hash, ni mchuzi mzito wa nyama iliyopikwa mpaka ikasambaratika, unamwagiwa juu ya wali. Wali jamani. Mtu ukiwa umekaa wiki tatu unakula mikate, hapo machozi yanakulenga.

Georgia watakupa Brunswick stew, supu nzito ya nyama, mahindi na nyanya. Alabama ya kaskazini, mji wa Decatur, kuna Big Bob Gibson toka 1925, hao wana sosi nyeupe ya mayonezi, siki na pilipili manga, kuku anatolewa kwenye moshi anazamishwa humo mzima mzima. Kwa maelezo inachefua, kwa mdomo inakubalika kabisa.

Wanaopenda nyama ya kondoo njooni Owensboro, Kentucky. Ni sehemu ya pekee huko ambapo kondoo mkubwa, sio mwanakondoo, ndo mfalme, kwa sababu zamani wafugaji wa kondoo walikuwa wengi maeneo yale, na wanampaka sosi nyeusi nyembamba yenye Worcestershire (ile sosi ya chupa) muda wote akiwa kwenye moto. Moonlite ndo pa maarufu, ni bufee, unajipakulia mpaka uone aibu. Omba na burgoo, supu ya kondoo na kuku na mboga.

Halafu Texas, ambayo ni dunia nyingine kabisa. Lockhart ni kamji kadogo kusini ya Austin, bunge la Texas limeupa rasmi jina la makao makuu ya barbekyu ya jimbo, na sehemu zake kongwe zipo ndani ya mwendo wa dakika chache kati yake, Kreuz Market ya 1900, Black's ya 1932, na Smitty's ambayo iko kwenye jengo la zamani la Kreuz baada ya ndugu wa familia kugawana, na pale Smitty's moto unawaka chini sakafuni karibu kabisa na unaposimama foleni, mshike mtoto mkono. Asili ya hizi sehemu ni bucha za wahamiaji wa Kijerumani na Kicheki, nyama isiyouzika mbichi walikuwa wanaiweka kwenye moshi, wachuma pamba wanakuja wananunua wanakula pale pale kwenye karatasi. Ndo maana mpaka leo unapewa nyama kwenye karatasi ya buchani na mkate mweupe wa kawaida, kitunguu, achari ya matango, na sehemu nyingine hata sosi utafikiri umeomba kitu cha haramu. Kreuz miaka mingi walikuwa hawatoi uma wala sosi kabisa.

Ukifika kaunta

Texas unanunua kwa uzito, paundi, ambayo ni nusu kilo kasoro kidogo. Mtu mmoja paundi nusu ya nyama inamtosha kabisa ukiweka na vitu vya pembeni. Wawili waagize hivi, paundi nusu ya kidari, mbavu mbili, soseji moja, mle, na mkitaka zaidi mtarudi. Usianze na ubavu wa ng'ombe. Mimi siku ya kwanza nilisema nipe mmoja, mmoja tu, si ni mfupa mmoja, jamaa akatoa kitu kama mguu wa kiti, akaweka kwenye mzani, kina paundi moja na robo na mfupa unahesabiwa humo humo, na nyuma yangu kuna foleni ya watu thelathini siwezi kusema nimeghairi.

Utaulizwa lean au moist, sehemu nyingine wanasema fatty. Lean ni upande mkavu usio na mafuta, moist ni upande wenye mafuta. Sema moist. Ukiogopa mafuta sema nusu nusu, lakini umetoka mbali bwana. Angalia anavyokata, kidari cheusi ti kama kipande cha mkaa, kisu kinapita bila kulazimishwa, anakunja kipande juu ya ubapa wa kisu kinainama pande zote mbili bila kukatika, mafuta yanatikisika, na chini tu ya ule weusi kuna mstari wa waridi. Huo uwaridi sio ubichi, usirudishe nyama. Ni gesi za moshi wa kuni zinaposhikana na rangi ya nyama, nyama ikiwa imeiva vizuri kabisa. Sehemu zingine anayekata anakukatia kipande anakupa mkononi uonje, ukikipokea kile pale pale na umwambie kitu, hata kutikisa kichwa tu.

Kwenye nguruwe utaulizwa chopped, sliced au pulled, yaani iliyokatwakatwa, ya vipande bapa, au ya kuchambuliwa kwa mkono. Kama hujui, sema neno hili, "how do y'all like it?", wewe wanavyoipenda wao nipe hivyo. Hilo ndo swali langu kubwa kila mahali na halijawahi kuniangusha, kuliko lile swali la kitalii la kipi kitamu zaidi, maana lazima wakwambie vyote. Onja nyama kavu kwanza kabla ya kumwaga sosi. Aliyekesha na huo moto yuko hapo nyuma ya kaunta anakuona.

Wenye msimamo wa dini nisikilizeni vizuri. Kukwepa kitimoto kwenye sehemu hizi sio suala la kuagiza ng'ombe tu ukamaliza. Maharage yana vipande vya nguruwe, zile mboga za majani wanaziita collards zinachemshwa na mfupa wa nguruwe uliokaushwa, mkate wa mahindi unaweza kuwa na mafuta yake, soseji nyingi za "beef" za Texas zimechanganywa au zimevalishwa utumbo wa nguruwe, na kisu na ubao ni vile vile. Uliza kila kitu kimoja kimoja, hawakasiriki, ila usitegemee halali. Mimi nikiwa na shemeji yangu huwa anakula viazi na pudini ya ndizi anasubiri samaki kambare mji unaofuata, na anasema moshi wa bure unamtosha.

Hiyo pudini ya ndizi chukua hata kama umeshiba. Kinywaji ni chai baridi ya barafu, watakuuliza sweet or unsweet, na sweet ni tamu kweli kweli, tamu kuliko ya msibani, kwa hiyo unaweza kusema half and half wakuchanganyie. North Carolina kuna soda yao nyekundu ya Cheerwine, Texas kuna Big Red. Bia sehemu nyingi hakuna na kuna wilaya hawauzi pombe kabisa, usianze kushangaa kwa sauti.

Hela na adabu

Beba keshi. Wengi siku hizi wanachukua kadi ila ile moja uliyoiendea ndo itakuwa haichukui. Bei iliyoandikwa haina kodi ndani, inaongezwa mwisho, usidhani umeibiwa. Sandwichi ya nguruwe utaipata kama dola 6 mpaka 10, kidari cha Texas kimepanda, hesabu dola 25 mpaka 35 kwa paundi. Kama umechukua mwenyewe kaunta weka dola moja mbili kwenye kopo, kama kuna mhudumu amekuletea mezani na anakujazia chai kila saa muachie asilimia 15 mpaka 20.

Kule ma'am na sir ndo shikamoo yao. Mama wa kaunta muite ma'am hata kama unadhani mnalingana umri, na yeye atakuita hun au baby na haina maana nyingine yoyote, usivimbe kichwa. Usiruke foleni, usimshikie mtu nafasi sita. Mzee akikusalimia akakuuliza umetoka wapi mjibu kwa kituo, maana anachotaka ni stori na wewe ndo habari ya leo. Watu wakiinamisha kichwa kabla ya kula, tulia kidogo.

Na kuna kitu kimoja sio cha kuruka hasa kwa sisi weusi. Upishi huu kwa sehemu kubwa ni mikono ya watumwa na watoto wao, wao ndo walikuwa wanakesha na moto kwenye mashamba na sherehe za mabwana, na baadaye sehemu nyingi mpishi ni mweusi ila mteja mweusi anapewa chakula kwa dirisha la nyuma aondoke nacho. Kesi moja iliyoenda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa ya mgahawa wa barbekyu, Ollie's ya Birmingham, Alabama, walikuwa wanawauzia weusi vya kubeba tu, kukaa marufuku, na Desemba 1964 mahakama ikasema sheria ya haki za kiraia inawahusu na wao. Watu waliosimama kwenye yale madirisha bado wapo hai. Ukikaa na mzee mweusi kwenye meza ya mbao pale nje akaamua kukuhadithia, funga mdomo usikilize. Ukipata nafasi zitafute zinazomilikiwa na weusi wenyewe, hiyo Jones ya Marianna iko kwenye familia moja toka miaka ya 1910, ilishika moto 2021 ikafunguliwa tena, na ilishapewa tuzo ya James Beard mwaka 2012, tuzo ambayo kawaida unaisikia kwenye migahawa yenye vitambaa vyeupe mezani.

Ukitaka kuona jiko omba kwa adabu baada ya kula, foleni ikiwa imepungua, usijipitishe nyuma na simu mkononi. Mara nyingi wanakubali. Kule nyuma ni giza, macho yanawasha, kuta nyeusi zinang'aa kwa mafuta, na kuna kijana mmoja kakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa anaangalia moto. Anza kumuuliza habari za kuni, usianze na siri ya sosi.

Kilichobaki

Agiza cha ziada cha kubeba ukiwa bado kaunta, usisubiri umalize kula ndo urudi, utakuta hamna. Kuwa na kiboksi cha barafu kwenye gari, maana nyama iliyoiva ikikaa nje zaidi ya saa mbili sio ya kuiamini, na likiwa joto la kiangazi kupita sentigredi 32 ni saa moja tu, na gari lililofungwa Julai kule Mississippi ni jiko tosha. Kidari kisikatwe, omba kipande kizima kifungwe kwenye karatasi, kitadumu unyevu. Usiku motelini ukikipasha kwenye maikrowevu funika na tishu iliyoloweshwa maji, kidogo kidogo, sekunde thelathini thelathini, na nguruwe wa Carolina mnyunyizie ile siki uliyopewa kwenye kikopo. Hicho kikopo cha siki kisimamishe wima ndani ya kikombe, mimi cha kwangu kilimwagika chini ya siti ya gari la kukodi na siku ya kurudisha nilifungua madirisha yote manne maili arobaini za mwisho. Na nguo ulizovaa siku hiyo zifunge kwenye mfuko wa plastiki peke yake kabla hujaziweka kwenye begi.